Yasuke: Mwafrika Aliyebeba Silaha za Nobunaga

Katika Base Camp, makao makuu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, tulikuta ubishi mahali ambapo watu hulipia umeme wa kujaza simu zao. Kijana mmoja alikuwa akitazama katika simu picha za mchezo wa video, yaani ule mchezo wa mashine ambao vijana huuita gemu. Katika picha zile alionekana mtu mweusi, mrefu wa kimo, amevaa deraya ya Kijapani, upanga mkononi, akipambana na askari kumi peke yake. Kijana alishikilia kwamba mtu yule aliishi kweli, tena alikuwa mwenzetu wa Afrika ya Mashariki. Askari polisi aliyesimama karibu, akingoja simu yake ijae, alimcheka na kumwambia kwamba watu wa sinema hawachoki kutunga. Waliokuwapo walisema kila mtu lake, na mwishowe afande yule akauliza swali ambalo ndilo kazi yake kuliuliza kila siku: ushahidi uko wapi?

Swali hilo ni la haki, nasi tuliondoka nalo hadi Mbarara tukiwa tumeahidi kulijibu katika ukurasa huu. Tumeona vema kulijibu kwa desturi ya wasomaji wetu wenyewe, askari jeshi na polisi, ambao wamezoea kutenganisha lililoonekana na lililosikika, na lililosikika na lililotungwa. Mtu yule aliishi. Jina alilojulikana nalo huko Japani ni Yasuke. Lakini Yasuke wa mchezo na Yasuke wa maandiko si mtu mmoja. Na sisi twaamini kwamba huyu wa maandiko, ijapokuwa habari zake ni chache, ndiye mwenye mengi zaidi ya kumfundisha mtu aliyekula kiapo cha utumishi.

MASHAHIDI

Mashahidi wa maisha yake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wa kwanza ni Luís Fróis, padre Mreno wa shirika la Wajesuiti, aliyekaa Japani miaka mingi na kuwaandikia wakubwa wake barua ndefu. Wa pili ni Lourenço Mexia, padre wa shirika lilo hilo. Wa tatu ni Ota Gyuichi, Mjapani aliyemtumikia Oda Nobunaga na baadaye akaandika habari za maisha ya bwana wake huyo. Wa nne ni Matsudaira Ietada, mtu wa jeshi la Tokugawa Ieyasu, ambaye aliandika shajara ya siku zake kama vile mkuu wa kituo anavyojaza daftari la matukio. Wa tano ni François Solier, Mjesuiti wa Ufaransa, ambaye hakumwona Yasuke kwa macho, bali alichapisha habari zake mwaka 1627, miaka arobaini na mitano baada ya mambo yenyewe kutokea.

Watu hawa hawakuwa wa taifa moja, wala wa dini moja, wala wa bwana mmoja. Hata hivyo maneno yao yanaafikiana katika mambo makubwa. Polisi yeyote ajua uzito wa ushahidi wa namna hiyo.

ASILI NA SAFARI

Solier anaeleza kwamba Yasuke alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Wakati ule jina hilo lilikuwa kwanza la kisiwa kimoja kidogo, bandari ambayo Waswahili waliifanyia biashara kabla Vasco da Gama hajatia nanga hapo mwaka 1498. Wareno walikiteka kisiwa, wakaanza kujenga ngome kubwa mwaka 1558, na merikebu zao nyingi zilizokwenda India zilikuwa zikipumzika hapo kuchota maji na kungoja pepo. Watu wengi wa bara walipitishwa katika bandari ile, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia, wengine askari wa kulipwa.

Asidhani msomaji kwamba Yasuke alikuwa Mwafrika pekee aliyeshika silaha ng'ambo ya bahari katika karne ile. Malik Ambar, aliyezaliwa Ethiopia yapata mwaka 1548 na kuuzwa utumwani angali mtoto, alifika India akiwa mali ya mtu, akapanda kwa akili na ushupavu hata akawa mtawala halisi wa dola ya Ahmadnagar, akayazuia majeshi ya Wamoghuli kwa miaka mingi hadi kufa kwake mwaka 1626. Bahari ya Hindi ilikuwa njia kuu ya majonzi kwa watu wetu. Lakini wako waliofika mwisho wa njia ile wakasimama wima.

Mtu aliyemfikisha Yasuke Japani ni Alessandro Valignano, padre Mwitalia aliyepewa na Wajesuiti wadhifa wa kukagua misheni zao zote za Mashariki. Valignano aliondoka Lisbon mwaka 1574, akapita Msumbiji, akafika Goa katika mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Kutoka India alimchukua mtumishi huyu mweusi, na katika mwezi wa Julai mwaka 1579 wakashuka Japani. Barua za mapadre hazisemi kama mtumishi alinunuliwa au aliajiriwa. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote. Yeye ni mtu aliyeingia katika historia bila jina la kwao, na jambo hilo pekee lingetosha kuwagusa wale ambao wamevuka mipaka wakiwa na nguo walizovaa tu.

JAPANI YA WAKATI ULE

Japani aliyoikuta Yasuke ilikuwa nchi iliyochoka kwa vita. Mfalme wake alikuwapo Kyoto, lakini hakuwa na nguvu. Kila jimbo lilikuwa na bwana wake, kila bwana na jeshi lake, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepita miaka mia moja. Mwaka 1543 Wareno walikuwa wameleta bunduki za kwanza, aina ya magobore, katika kisiwa cha Tanegashima, na mafundi wa Kijapani wakajifunza upesi kuzitengeneza wenyewe.

Katika ghasia hizo aliinuka Oda Nobunaga, aliyezaliwa mwaka 1534 katika jimbo la Owari. Mwaka 1560, huko Okehazama, alilishambulia ghafula jeshi lililokuwa kubwa mara nyingi kuliko lake, akamwua jemadari wake. Mwaka 1568 aliingia Kyoto. Mwaka 1575, huko Nagashino, askari wake wa magobore waliojificha nyuma ya maboma ya miti waliwaangusha wapanda farasi wa ukoo wa Takeda, waliokuwa wakiogopwa Japani nzima. Alikuwa mtu mkali, mwepesi wa kuua, asiyewasamehe maadui. Pamoja na hayo alikuwa na sifa moja ambayo wakubwa wengi hawana: alitaka kujua. Alipenda vitu vigeni, aliuliza maswali juu ya nchi za mbali, na hakuogopa kumpandisha mtu asiye na ukoo wa maana iwapo alimwona anafaa.

SIKU YA KYOTO

Mwaka 1581 Valignano alikwenda Kyoto kumwamkia Nobunaga, na mtumishi wake alifuatana naye. Wakazi wa mji hawakuwahi kumwona mtu wa namna ile. Fróis anaeleza kwamba umati ulikusanyika mbele ya nyumba ya mapadre ukitaka kumwangalia, watu wakasukumana na kurushiana mawe, wengine wakaumia, wengine hata wakawa katika hali ya kufa. Askari wetu wanaolinda viwanja vya mpira na mikutano ya hadhara hawatahitaji kuelezwa zaidi. Udadisi wa watu wengi pamoja ni hatari kama hasira yao.

Habari zilimfikia Nobunaga, naye akaagiza aletewe mgeni huyo. Siku ilikuwa tarehe 27 Machi, mwaka 1581. Nobunaga hakusadiki kwamba rangi ile ni ya ngozi. Alidhani ni wino au masizi. Akaamuru Yasuke avue nguo hadi kiunoni, asuguliwe mbele yake. Rangi haikutoka. Ota Gyuichi, akiandika habari za ziara hiyo, alimkadiria umri wa miaka ishirini na sita au saba, akausifu mwili wake ulivyokuwa na afya, na akasema nguvu zake zilizidi za watu kumi.

Na tusimame hapa kidogo. Kijana huyu alikuwa ugenini, hana ndugu wala mtu wa kabila lake, amevuliwa nguo mbele ya mtawala mkali na watu wa baraza lake, anasuguliwa kama chungu. Wengi wangevunjika moyo. Mashahidi hawasemi alijisikiaje siku ile, wanasema lililofuata. Nobunaga aliposadiki alifurahi, na mpwa wake mmoja akamtunza mgeni sarafu 10,000 za shaba. Baada ya muda si mrefu mtumishi wa padre alikuwa mtu wa nyumba ya Nobunaga.

Kwa nini alimpendeza? Nguvu za mwili zilikuwa sababu moja, wala si ya pekee. Katika barua aliyoiandika Oktoba mwaka 1581, Mexia anasema Yasuke alikuwa akifahamu Kijapani kwa kiasi, na Nobunaga hakuchoka kuzungumza naye. Hili ni jambo la kuzingatiwa. Alikuwa hajatimiza miaka miwili na nusu tangu kushuka Japani, naye hakuwa na shule wala kitabu. Masikio yake yalikuwa shule yake. Wenye nguvu walikuwa wengi katika jeshi la Nobunaga. Mgeni aliyejibu maswali ya mkubwa kwa lugha ya mkubwa alikuwa mmoja. Mexia anaongeza kwamba Nobunaga alimtuma mtu amtembeze mjini ili wote wajue kwamba yuko chini ya ulinzi wake, na kwamba wananchi walianza kusemezana kuwa huenda akafanywa bwana wa watu.

UTUMISHI

Katika nakala mojawapo ya habari za Ota Gyuichi, ile iliyohifadhiwa na ukoo wa Maeda, imeandikwa kwamba Yasuke alipewa posho, nyumba yake mwenyewe na upanga mfupi wenye ala ya kupambwa, na kwamba pengine alipewa kazi ya kubeba silaha za bwana wake. Askari asiidharau kazi hiyo. Mwenye kubeba silaha za mkubwa husimama karibu naye kuliko mawaziri. Ndiye ambaye mkubwa humgeuzia mgongo bila kuangalia nyuma. Nobunaga, mtu aliyekuwa na maadui katika kila pembe ya nchi, alimgeuzia mgongo mgeni aliyekuja na merikebu.

Katika masika ya mwaka 1582 majeshi ya Nobunaga yaliumaliza ukoo wa Takeda katika jimbo la Kai. Wakati wa kurudi, Nobunaga alipita katika nchi ya rafiki yake Tokugawa Ieyasu, na hapo ndipo Matsudaira Ietada alipomwona yule mtu mweusi katika msafara. Usiku aliandika katika shajara yake kwamba Nobunaga alikuwa naye mtu aliyetolewa na mapadre, anayelipwa posho, mweusi kama wino, kimo chake shaku sita na sun mbili, yaani kama sentimita 188, na kwamba jina lake ni Yasuke. Tarehe kwa hesabu yetu ni 11 Mei, mwaka 1582. Bila ya mistari hiyo michache ya ofisa aliyekuwa na nidhamu ya kuandika, tusingelijua hata kimo chake.

Je, alikuwa samurai? Vijana wengi hugombana juu ya neno hili, na hata wataalamu hawajakubaliana. Sisi twajibu hivi. Maandiko ya wakati wake hayamtaji kwa cheo hicho. Lakini yasema alipewa posho, nyumba na upanga, na yasema alimfuata bwana wake katika msafara wa kijeshi. Na katika siku zile mipaka ya vyeo ilikuwa haijafungwa kama ilivyofungwa baadaye, maana Toyotomi Hideyoshi, aliyekuja kuitawala Japani yote, alianza akiwa mtumishi wa kawaida wa Nobunaga. Kumwita samurai si uongo wa kushtakiwa. Walakini ushahidi wenye nguvu zaidi juu ya cheo cha askari hauko katika neno aliloitwa, bali katika aliyoyatenda siku ya msiba.

ALFAJIRI YA HONNO-JI

Siku hiyo ilikuwa tarehe 21 Juni, mwaka 1582. Nobunaga alilala Kyoto katika hekalu la Honno-ji akiwa na walinzi wachache tu, kwa maana majemadari wake walikuwa mbali, kila mmoja katika vita vyake. Mmojawapo, Akechi Mitsuhide, alikuwa ameamriwa kupeleka jeshi magharibi. Badala ya kwenda magharibi aliligeuza jeshi usiku, na alfajiri akalizunguka hekalu. Nobunaga alipigana kwa upinde na mkuki hata alipojeruhiwa, kisha akaingia ndani na kujiua, na hekalu likateketea kwa moto.

Hapo ndipo tunapomwona Yasuke kwa mara ya mwisho, na shahidi wetu ni Fróis. Bwana aliyempa upanga alikuwa amekufa. Nyumba ya mapadre haikuwa mbali, na huko Yasuke angelipokelewa bila swali. Hakuna kiapo cha ukoo kilichomfunga, wala baba aliyezikwa katika ardhi ile. Angelikimbia, nani angelimlaumu? Hakukimbia. Alikwenda mahali alipokuwa Nobutada, mwana na mrithi wa Nobunaga, ambaye pia alikuwa amezingirwa, na hapo akapigana kwa muda mrefu.

Nobutada naye aliangamia. Mapigano yalipokwisha, mmoja wa watu wa Mitsuhide, ambaye jina lake halikuandikwa, alimwendea Yasuke, akamtaka asiogope, akamwomba upanga. Yasuke akautoa. Mtu yule hakumpiga mtu aliyekwisha toa silaha. Alikwenda kwa mkubwa wake kuuliza afanyweje. Mitsuhide alijibu kwamba mtu mweusi yule ni mnyama asiyejua kitu, tena si Mjapani. Basi asiuawe, bali apelekwe kwenye kanisa la mapadre waliotoka India. Fróis aliandika kwamba mapadre walimshukuru Mungu kwa kuokoka kwake.

Mitsuhide mwenyewe hakula matunda ya hiana yake. Siku kumi na moja baadaye Hideyoshi alimshinda huko Yamazaki, naye akauawa katika kukimbia. Ama Yasuke, baada ya mlango wa kanisa hakuna andiko la kuaminika linalomtaja tena. Kaburi lake halijulikani.

MCHEZO NA KWELI

Sasa turudi kwenye simu ya yule kijana. Mchezo aliokuwa akiutazama waitwa Assassin's Creed Shadows, kazi ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, uliotoka tarehe 20 Machi, mwaka 2025. Ni mmoja katika mfululizo ulioanza mwaka 2007, ambao kila mara huchukua zama fulani za historia na kumpa mchezaji mtu wa kumwongoza ndani yake. Safari hii watu ni wawili: Naoe, binti wa jimbo la Iga anayepita gizani bila kuonekana, na Yasuke, anayeingia kwa mlango wa mbele. Kadiri mchezaji anavyoendelea, watu hao huongezewa ujuzi, silaha na deraya bora zaidi. Hakuwa mchezo wa kwanza kumtumia Yasuke. Wajapani wenyewe walikuwa na kitabu cha watoto juu yake tangu mwaka 1968, kilichoandikwa na Kurusu Yoshio, na mwaka 2021 ilitoka sinema ya katuni ya mfululizo yenye jina lake.

Tukiupima mchezo huu kwa haki, una mema yake. Mafundi wake wamechora ngome, mahekalu, mashamba ya mpunga na mabadiliko ya majira kwa uangalifu mkubwa. Nobunaga, Mitsuhide na Ieyasu walikuwapo kweli. Vita vya Iga vya mwaka 1581, ambamo Nobunaga aliliangamiza jimbo lile, vilitokea kweli. Na si jambo dogo kwamba mamilioni ya watu duniani, pamoja na wetu, wamemwona mtu mweusi katika historia ya mbali akiwa ameshika upanga wake mwenyewe, si akiwa amefungwa minyororo.

Upande wa pili, hakuna shahidi anayemweka Yasuke katika vita vya Iga. Naoe ni wa kubuni. Genge la watu waliovaa vinyago, ambao yeye na Yasuke wanawawinda mmoja mmoja, ni la kubuni pia. Kampuni yenyewe ilieleza mwaka 2024, baada ya malalamiko kutoka kwa Wajapani, kwamba kazi yake ni hadithi iliyojengwa juu ya historia, wala si historia yenyewe. Shahidi anayekiri mapema kwamba anatunga hana hatia. Kosa ni la msikilizaji atakayemchukua kuwa shahidi wa kweli.

Lakini sisi tuna lawama nyingine, nayo ni ya kiaskari. Katika mchezo Yasuke huingia ngomeni peke yake, akaua walinzi kwa makumi, akatoka. Hangoji posho, hasafishi silaha, halindi lindo la usiku, haandiki taarifa kwa mkubwa. Ushujaa wake wote ni kuua. Katika maandiko, kinyume chake, hakuna hata mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa aliuawa na Yasuke. Tunaloambiwa ni kwamba alijifunza lugha, alifanya kazi aliyopewa, alisimama karibu na mkubwa wake bila kumsaliti, na siku ya mauti alikwenda penye hatari badala ya kuiepuka. Jemadari Mitsuhide, mwenye ukoo na elimu, ndiye aliyevunja amana; mgeni aliyeitwa mnyama ndiye aliyeitimiza. Hakuna mtunga mchezo awezaye kuongeza kitu juu ya hukumu hiyo.

Wako watakaouliza kama si aibu kutoa upanga. Twawajibu kwamba aliutoa baada ya kupigana kwa muda mrefu, wakati aliowapigania walipokuwa wameanguka wote, na hapakuwa tena na mtu wa kulindwa. Kufa pale kusingelimrudishia Nobutada uhai. Na tusimsahau yule asiye na jina aliyeupokea upanga. Yeye naye ni askari wa kusifiwa, maana aliahidi usalama na ahadi yake haikuvunjwa. Alikuwa na mateka mkononi katikati ya moto na damu, akauliza amri kabla ya kutenda. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo nchi yetu imejiunga nayo, yanamwamuru kila askari wa leo kufanya vivyo hivyo: aliyeweka silaha chini haguswi. Mtu yule wa Kyoto alilitenda jambo hilo zaidi ya miaka mia tatu na hamsini kabla ya mapatano hayo. Kama asingelitenda, habari ya Yasuke ingeishia katika rundo la maiti.

JIBU KWA AFANDE

Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Leo wapo humo watu zaidi ya laki moja, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na lugha inayowakutanisha wengi wao sokoni Base Camp ni hii tunayoiandika. Kila siku mtu mpya husimama mbele ya meza, akaulizwa jina lake na kwao. Wako wanaowatazama wageni hao kama watu wa Kyoto walivyomtazama Yasuke, kwa udadisi usio na heshima. Na wako, twasikitika kusema, wanaowaita kwa maneno kama lile la Mitsuhide. Askari aliye zamu hawezi kujua kwa kuangalia uso ni yupi kati yao siku moja atakayesimama mahali ambapo wenye ukoo walikimbia. Nobunaga hakujua, lakini alimwuliza maswali, akamsikiliza, akampa kazi.

Basi jibu letu kwa afande yule ni hili. Ushahidi upo, na kijana alisema kweli katika jambo kuu: mtu yule aliishi, na kwa kauli ya Solier alitoka pwani yetu hii ya mashariki. Afande naye alisema kweli, kwamba mengi ya picha zile yametungwa. Tunawaomba wote wawili wakikutana tena penye kujaza simu wasibishane juu ya askari kumi aliowaua katika mchezo. Wazungumze juu ya ile njia fupi kutoka Honno-ji hadi alipokuwa Nobutada, ambayo Yasuke aliipita kwa miguu yake mwenyewe asubuhi ile, wakati mlango wa kanisa ulikuwa wazi upande wa pili.